Muhuri Uliokatwa Pembe

Lorraine alikuwa ameshaifungua kalamu kabla Jerotich hajavuta kiti. Akailaza juu ya karatasi, akaisogeza karatasi mpaka ikagusa vidole vya Mwatime, msaidizi wa mgonjwa, pale kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwa Mzee Lu, Annandale, Virginia. Alifanya hivyo kwa upole, na upole huo ndio uliomkera Jerotich zaidi.

"Mwatime, my dear, sign tu tumalizane," Lorraine akasema. "Vivian ame-promise uki-sign hata-involve polisi. Ashatoka ofisini Arlington, ako njiani. Akifika akute tumemaliza."

"Sitii saini."

"Hujasoma hata page ya pili."

"Nimesoma zote. Zasema mie nililitoa andiko la Babu ukutani, nikaweka la bandia. Mie sikulitoa. Sasa n'tie saini kwa lipi, mamangu?"

Lorraine akamgeukia Jerotich, aliyeitwa na Mwatime, kwa macho ya kuomba msaada. Lorraine ndiye mwenye wakala wa kupeleka wahudumu majumbani kwa wazee, Mkenya aliyeanza kwa kusukuma viti vya magurudumu mwenyewe, na sasa alikuwa na wahudumu wengi na wasiwasi mwingi zaidi. "Madam, mwambie. Wewe umekuwa polisi. Hii kitu ikienda kwa state, mimi nafungiwa. Wasichana wote wanakosa kazi."

"Na yeye akitia saini?"

"Anaondoka polepole, hakuna kelele."

"Anaondoka jina lake likiwa limefutwa kwenye sajili ya wahudumu. Hatagusa mgonjwa tena Virginia, wala Maryland, wala ng'ambo ya hapo. Hilo umemwambia?"

Lorraine akaanza kuchezea kifuniko cha kalamu.

Jerotich aliwahi kuwa mpelelezi wa nyaraka za kughushi jijini Nairobi, akichungulia hatimiliki za mashamba ambayo watu walikuwa wameuziwa hewa. Siku hizi alikuwa na leseni ya upelelezi binafsi na ofisi ya chumba kimoja Bladensburg, juu ya dobi la mashine, ambako sakafu hutetemeka kila nguo zinapokamuliwa. Bahari aliivuka, lakini chuki yake moja alivuka nayo: hakuweza kuvumilia ungamo lililochapwa kabla mtu hajaulizwa swali.

Kisa chenyewe hakikuwa kirefu. Mzee Lu alikuwa mwandishi wa Kichina cha brashi, mwenye sifa iliyofika mbali, mpaka kiharusi kilipomchukua mkono wa kulia na ulimi kwa pamoja. Andiko lake linalojulikana kuliko yote lilining'inia sebuleni, na kabla hajaugua alikuwa ameahidi kulitoa zawadi kwa chuo cha jirani. Wiki iliyopita mwalimu wa chuo akaja kulipokea. Akalitazama, akarudi nyuma, akalitazama tena, akasema mkono ni wa Mzee Lu lakini wino umekonda, na kwamba hawezi kulichukua kabla hajajua lililolipata. Vivian, binti pekee wa mzee, hakungoja kujua. Pale pale mbele ya mgeni alisema kuna mtu mmoja tu anayebaki peke yake na andiko hilo mchana kutwa, naye ni msaidizi.

"Nipeni mpaka Vivian afike," Jerotich akasema, akasimama. "Na hiyo kalamu uifunike, Lorraine. Itakauka."

Sebuleni, Mzee Lu alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha. Juu ya meza ndogo iliyopachikwa kwenye kiti kulikuwa na bamba la jiwe jeusi, kikombe cha maji na brashi. Aliishika brashi kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukuzaliwa kwa kazi hiyo, akaichovya majini, akavuta mstari mmoja wa kulala. Mstari ukang'aa juu ya jiwe, kisha ukaanza kukauka kuanzia kingo mpaka ukapotea. Akachovya tena.

"Ndiyo kazi yake kutwa," Mwatime akasema kwa sauti ya chini. "Mstari huo huo. Humaliza, hukauka, yuwaanza upya. Mwenzangu aliyenitangulia alikuwa humnyang'anya brashi ati yuwarowesha nguo. Mie humtia taulo magotini, nikamwacha."

Mzee akamtazama Jerotich kuanzia viatu mpaka kilemba cha kichwani. Macho hayakuwa na kiharusi hata kidogo. Jerotich akamwamkia kwa kuinamisha kichwa, kisha akageukia ukuta.

Andiko lilikuwa herufi moja. Ilikaa katikati ya karatasi ndefu, herufi yenyewe ikiwa pana na fupi, imejitandaza kama mtu aliyekataa kuondoka kwenye kiti. Huo ulikuwa mwandiko wa makarani, ambao Wachina wenyewe huuita lishu. Umri wake unapita miaka elfu mbili, na wanaousimulia wanasema aliyeuanzisha alikuwa karani aliyetupwa gerezani, akaketi humo akizinyoosha herufi za kifalme zilizokuwa zimejikunjakunja mpaka mtu wa kawaida akaweza kuziandika. Jerotich alikipenda kisa hicho aliposimuliwa. Mstari mkuu wa lishu huanza na kichwa cha mviringo wanachokiita kichwa cha kiwavi wa hariri, na huishia kwa mkia ulioinuka wanaouita mkia wa bata bukini. Herufi ya ukutani ilikuwa na vyote viwili.

"Unajua imeandikwa nini?" akamuuliza Mwatime.

"Najua hiyo tu. Bi Vivian alinambia zamani, n'lipokuwa bado mtu kwake. Yasema Hapana. Kulikuwa na mkubwa mmoja huko kwao alitaka Babu amwandikie ubao wa kumsifu, autundike mlangoni. Babu akamwandikia hiyo."

"Akafanywa nini?"

"Akafukuzwa kazi. Ndiyo yuko hapa."

Jerotich akachuchumaa. Chini ya andiko, kwenye kapeti ya rangi ya krimu, palikuwa na doa la rangi ya chungwa lenye ukubwa wa kiganja. Vivian alikuwa amelipiga picha na kumtumia Lorraine, pamoja na kipande cha video ya kamera ya jikoni kinachomwonyesha Mwatime akimimina maji ya rangi hiyo hiyo kutoka kwenye chupa. Kwa maelezo ya Vivian, hiyo ilikuwa kemikali ya kubandulia karatasi.

"Hili doa hukuniambia," Jerotich akasema.

"Hukuniuliza."

"Mwatime, mimi ndiye ninayekutetea. Usinifiche kitu halafu nikisikie kutoka kwa adui yako. Ni nini?"

Mwatime alikunja mikono kifuani. Alikuwa mwanamke wa Msambweni, mfupi, buibui lake limekunjwa vizuri juu ya sare ya kazi, na aliposhika msimamo wake hata mabega yake yalionekana kupanuka. "Ni kombe," akasema.

"Kikombe gani?"

"Si kikombe, da Jerotich. Kombe. N'likuwa siuoni usingizi, kichwa chaniuma mwezi mzima. Shehe mmoja wa Unguja akaniandikia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya waridi, yakatiwa chupani. Wanywa kidogo kidogo. Ni maneno ya Mungu yale, si dawa ya kubandua karatasi."

"Ulimpa mzee?"

"Wallahi sikumpa! Mie naijua kazi yangu. N'likuwa nanywa mie, pale jikoni. Siku hiyo nikapita nayo hapa sebuleni mkononi, nikamwona Babu yuwateleza kitini. Nikaitupa chupa nikamdaka. Yeye sikumwacha aanguke, chupa ndiyo ilianguka."

Jerotich aliinama mpaka pua ikakaribia kapeti, magoti yakilalamika. Harufu ilikuwa bado ipo, hafifu, ya waridi. Akachukua kijiti cha pamba kutoka mfukoni, akakilowesha mate, akasugua ukingo wa doa, akakinusa na kukitazama. Zafarani. Alikulia katika kanisa la bara ambako mambo ya kombe hayakutajwa ila kwa kukemewa, lakini zafarani aliijua, na alijua pia kwamba haibandui chochote.

"Huyo shehe atakubali kusema hivyo kwa simu?"

"Atakuja kwa miguu yake. Na mie sioni haya. Wakitaka kunicheka kwa dini yangu, wanicheke. Wizi ndio sikubali."

Mzee Lu aligonga jiwe kwa mpini wa brashi. Wote wawili wakageuka. Alikuwa akielekeza kidole kwenye rafu iliyokuwa karibu naye, kwenye kijikasha cha mbao kisichozidi kiberiti. Mwatime akakitoa, akamwekea mbele. Mzee akakisukuma kwa Jerotich.

Ndani yake, juu ya pamba, palikuwa na kipande cha jiwe kidogo kama punje ya hindi, upande mmoja umeiva wekundu.

"Hiyo karibu niitupe siku za mwanzo, nikidhani takataka," Mwatime akasema. "Alinigombeza kwa macho hayo, mpaka nikairudisha. Bi Vivian ndiye akanieleza. Ni pembe ya muhuri wake. Alipoona mkono hautarudi, aliukata muhuri kwa nyundo, kwa mkono huo wa kushoto. Mie nilikuwa sijaja bado."

"Muhuri wenyewe uko wapi?"

"Mie sijauona maishani mwangu."

Mzee hakuondoa macho kwa Jerotich. Kisha akainua brashi na kuielekeza ukutani, chini kabisa ya andiko, upande wa kushoto. Palikuwa na alama nyekundu ya mraba.

Jerotich akazima taa ya sebuleni, akavuta pazia. Akatoa tochi yake nyembamba, akaibana ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite juu ya karatasi kwa kulala. Ndivyo alivyokuwa akifanya na hatimiliki za Nairobi, maana mwanga wa mbele husamehe mambo mengi. Alianza na kichwa cha kiwavi. Wino ulikuwa umefifia, umekaa ndani ya karatasi, haung'ai. Akaufuata mstari taratibu kuelekea kulia. Alipofika kwenye mkia wa bata bukini, pale ambapo brashi huinuliwa na nywele zake huacha mikwaruzo myembamba, mwanga ukarudi machoni mwake. Mikwaruzo hiyo iling'aa. Ilikuwa imelala juu ya karatasi, mipya, imewekwa na mtu mwingine kujazia palipopungua.

Kwa mara ya kwanza tangu aipokee kesi hii aliamini anaweza kushinda.

Jana yake alikuwa Rockville kwa Bwana Fang, fundi mkongwe wa kubandika maandiko ya Kichina kwenye vitambaa vya kutundikia. Alikwenda akimshuku. Fang alimwambia bila kuficha kwamba karatasi nzuri za kuandikia huundwa kwa tabaka mbili zilizoshikana, na wino mzito hupenya la juu ukafika la chini. Fundi mvumilivu akiilowesha na kuibandua, hupata mbili kutoka moja: la juu lenye nguvu zote, na la chini lililofifia, na yote mawili yametoka mkono ule ule. Akajaribu kumwonyesha kwa karatasi chakavu. Vidole vyake vilitetemeka, karatasi ikachanika katikati, naye akabaki ameshika vipande viwili huku macho yakimlenga machozi. Jerotich alimwondoa kwenye washukiwa papo hapo, lakini maneno yake akayabeba. Ya mwisho yalikuwa haya: wino hupenya, ila rangi ya muhuri ni ya mafuta, hukaa juu, na chini huacha kivuli tu.

Akaleta tochi kwenye alama nyekundu, akatoa lenzi ya kukuzia, akaweka jicho. Wekundu ulikuwa mbichi, umekolea. Pembe ya juu kushoto haikuwepo, mraba ulikuwa na pengo. Na ndani ya lile pengo, kwenye karatasi tupu, palikuwa na uwaridi hafifu sana, umekamilisha pembe iliyokosekana.

Alitazama mara ya pili na ya tatu, akapiga picha. Akawasha taa, akafungua pazia. Mzee Lu alikuwa amerudia mstari wake wa maji kama mtu ambaye hakuna alichokingoja.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Vivian Lu aliingia na koti lake mkononi, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, nywele zimekatwa sambamba na kidevu. Alimsalimia baba yake kwa Kichina, akambusu kichwani, kisha akawageukia wengine na kuhamia Kiingereza, mwendo wake ukiwa wa mtu aliyeacha mkutano.

"Amesaini?"

"Bado kidogo tu," Lorraine akasema, akija mbio kutoka chumba cha chakula.

"Sikusaini," Mwatime akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Sitasaini."

"Nilitaka kumrahisishia msaidizi," Vivian akamwambia Lorraine, kana kwamba Mwatime hakuwepo. "Nina video. Nina doa kwenye kapeti."

"Doa ni zafarani na maji ya waridi," Jerotich akasema. "Mimi naitwa Jerotich, mpelelezi wake. Maabara yoyote itakwambia hivyo, na hata pua yako ukiinama. Nina maswali machache. Ukipenda usiyajibu, nitaandika kwamba hukupenda."

Vivian aliketi kwenye ukingo wa kochi. "Uliza."

"Andiko hili limewahi kutoka ukutani?"

"Kamwe. Tangu baba ahamie nyumba hii."

Mwatime akafungua mdomo, Jerotich akamwinulia kidole cha kumtuliza. "Hata kwenda kusafishwa?"

"Nimesema kamwe."

"Kuna mtu mwingine anayeweza kuandika lishu hivi?"

"Hakuna. Ndiyo maana ni la thamani."

"Basi mwizi hakuliandika. Alama hii nyekundu ni ya muhuri wa baba yako?"

"Bila shaka. Naujua tangu utotoni."

"Msaidizi angeweza kuuchukua akaugonga?"

Vivian alicheka kidogo, akafurahi kupewa swali rahisi. "Hilo haliwezekani. Muhuri uko benki, kwenye sanduku langu la amana. Niliupeleka siku ile ile baba alipoukata pembe. Ufunguo ninao mimi peke yangu."

"Wewe peke yako."

"Mimi peke yangu."

"Kwa nini aliukata?"

"Ukaidi wake. Mwalimu wake alifanya hivyo pia alipozeeka. Alitaka asije mtu akaugonga kwenye kazi ambayo..." Macho yake yakaelekea ukutani yenyewe.

Jerotich hakumhurumia. Kama angekuwa ameiba tu, pengine angemhurumia, watu huiba. Ila huyu aliiba kisha akautafutia wizi wake mtu mwingine wa kuubeba, akachagua aliyedhani hana wa kumsemea.

"Endelea," akasema. "Kazi ambayo hakuigonga yeye. Sasa baba yako aliandika herufi hii akiwa kijana mwenye mikono miwili, na muhuri mzima. Nieleze kwa nini alama iliyo ukutani ina pengo."

"Mihuri ya zamani yote ina makovu," Vivian akasema haraka. "Kwetu hiyo ni heshima, ni kama mvi. Hata mwalimu wa chuo aliiona, hakusema kitu."

"Hakusema, kwa sababu ninyi mnaojua sanaa mkiona kovu mnaona uzee mzuri. Mimi sijui sanaa. Nimekaa miaka yangu yote na mihuri ya ofisi za ardhi, na kwangu muhuri wenye pengo ni tarehe. Huu uligongwa baada ya nyundo. Mwatime alikuwa hajaajiriwa nyundo ilipopigwa, na tangu siku hiyo hakuna awezaye kuutoa muhuri kwenye sanduku ila wewe mwenye ufunguo. Umesema mwenyewe, Lorraine amesikia."

"Nime-hear," Lorraine akasema. Ilimtoka bila kupenda.

Jerotich akatoa simu, akamwonyesha Vivian picha. "Na hapa, ndani ya pengo. Unaona uwaridi huu? Ni kivuli cha pembe nzima, kilichopenya kutoka tabaka la juu siku baba yako aligonga muhuri wake. Kuna alama mbili mahali pamoja, ya zamani iliyo kamili na yako isiyo kamili. Hili la ukutani ni tabaka la chini. Mtu alilibandua, akalijazia mkia, akalipaka wekundu mpya. La juu halipo."

"Lilikwenda kusafishwa!" Mwatime akashindwa kuzuia ulimi. "Wakati ule paa lilivuja. Mwenyewe ulilibeba garini, Bi Vivian, ukasema lakwenda kwa fundi. Wiki ngapi ukuta ulikuwa mtupu! Babu alikataa kula. Mie ndiye niliyembembeleza kijiko kwa kijiko!"

Vivian alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Alipouondoa, sauti yake ilikuwa imepungua, lakini hasira ilikuwa bado imo. "Alikuwa anakwenda kuligawa bure. Kwa chuo! Lile ndilo lililotufukuza kwetu. Mama yangu alifanya usafi maofisini kwa ajili ya herufi ile moja. Mimi sikustahili kitu? Nilidhani wakipewa la chini hawatajua, na baba angeona ahadi yake imetimizwa. Sikutaka mtu aumie."

"La juu liko wapi?"

Vivian akaanza kulikunja koti lake.

"Liko kwenye sanduku moja na muhuri," Jerotich akasema. "Bado halijapata mnunuzi. Lingekuwa limeuzwa usingekuwa na haraka hivi ya kupata saini ya mtu leo, kabla hajaja wa kulitafuta."

Kichwa cha Vivian kiliinama, na hilo lilikuwa jibu la kutosha. Lorraine akavuta kiti karibu.

"Okay, okay," akasema. "Basi hii ni family matter. Vivian anarudisha ile ya juu, chuo kinapata zawadi, tunasema ilikuwa misunderstanding. Mwatime, unabaki kazini, hakuna mtu ana-lose. Au nakupeleka kwa client mwingine, hata kesho. Sindio?"

Vivian aliinua uso. "Ndiyo. Naondoa malalamiko. Nitamwandikia barua nzuri ya sifa. Ila haya yabaki humu ndani, sisi tu."

Jerotich akamtazama Mwatime, kwa kuwa hilo halikuwa lake kuamua. Aliwahi kuwaona wateja wengi wakishukuru kwa kidogo kuliko hicho, na hakuwalaumu.

Mwatime alisimama. "Hapana," akasema.

"Mwatime, please. Don't be stubborn."

"Dada Lorraine, niache niseme. Yeye hakuniambia mwizi humu ndani, sisi tu. Aliniambia mbele ya mwalimu wa watu, mgeni, nimeshika sinia ya chai. Yule bwana aliniangalia, akatazama mkoba wangu. Nikarudi nyumbani kwa basi nikiona kila mtu ajua. Mamangu Msambweni amepigiwa simu na watu wa hapa kuulizwa kama ni kweli. Barua ya sifa n'tampelekea nani? Nataka ampigie mwalimu yule simu, sasa hivi, sauti ya juu, amwambie. Hilo tu. La polisi na la chuo ni lenu."

"Siwezi kufanya hivyo," Vivian akasema. "Nitakuwa nimekwisha. Kila mtu anayemjua baba..." Akageuka, akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu, akaongea kwa Kichina, haraka, mikono juu ya magoti ya mzee. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Alikuwa akimwomba baba aseme yaishe. Angeitikia kwa kichwa tu, angefumba macho, angefanya chochote ambacho angeweza kukiita ndiyo.

Mzee Lu alimtazama binti yake. Akampapasa nywele kwa ule mkono wa kushoto, kwa upendo usio na shaka, na machozi yakamshuka bila kuyaficha. Kisha akautoa mkono kichwani pake, akachukua brashi, akaichovya.

Safari hii hakuishia kwenye mstari mmoja. Alianza kwa kuirudisha brashi nyuma kidogo, ikafanya kichwa cha mviringo, akaivuta kulia, polepole, mkono ukitetemeka lakini haukusimama, na mwishoni akaibana na kuinua mkia. Akashusha mistari mitatu chini yake. Ilikuwa herufi ya ukutani, pana, imejitandaza, imepinda upande mmoja kwa ajili ya mkono usioizoea. Maji yakang'aa juu ya jiwe jeusi. Akaligeuza bamba kuelekea kwa binti yake, akaweka brashi chini.

Mwatime alikuwa akilia naye, hajifuti. Lorraine aliikunja ile karatasi yake mara mbili, akaichana, akatia vipande mkobani pamoja na kalamu.

Kingo za herufi zilikuwa zimeanza kukauka Vivian alipotoa simu. Akatafuta namba, akabonyeza, akaiweka juu ya bamba la jiwe kando ya maji. Simu ikaita sebule nzima. Sauti ya mwanamume ikajibu, ya adabu, ikataja jina la chuo.

"Ni Vivian Lu," akasema. "Napiga kuhusu andiko la baba. Yule msaidizi niliyekwambia..."

"Nina jina," Mwatime akasema, kwa sauti ambayo ilifika mpaka kwenye simu. "Lianze hilo. Mwatime Omari Mwadzaya. Litaje lote."

Vivian akalitaja lote.